Kuni za Mjini: Namna Ninavyookota, Kukausha na Kuuza Hapa Tabora

Ukiona moshi mweupe mzito unafuka kwenye jiko la mama maandazi alfajiri, jua kuna mtu kamuuzia maji. Kuni mbichi, karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji, na moto haupiki kitu cha maana mpaka maji hayo yakauke. Mama anapuliza, machozi yanamtoka, mafuta hayapati moto, na wateja wa mapema wameshapita zao stendi. Kesho yake hanunui tena kwa mtu yule. Biashara ninayoieleza hapa imesimama juu ya jambo hilo: mti kupatikana unapatikana, ila kinacholipiwa ni ukavu.

Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la mazao hapa Tabora mjini. Natoka lindo saa 12 asubuhi, nalala mpaka saa tano hivi, na mchana uliobaki ndio wa kuni. Mshahara wa lindo unalipa kodi na unga. Sare za watoto, daftari na dharura zinatoka kwenye kuni. Kwa hiyo haya ni maelekezo ya mtu mwenye kazi nyingine, mwenye baiskeli, shoka na ua wa kuanikia. Anayetaka kujaza fuso ana njia yake.

Pori lina wenyewe

Watu wakisikia kuni wanafikiria pori. Ni kweli Tabora imezungukwa na miombo. Ukishika barabara ya Sikonge au ya Urambo, mji ukiisha tu unaanza kuona mitundu na miyombo. Lakini kila pori lina mwenyewe. Lipo la serikali kuu lililo chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Lipo la halmashauri, lipo la kijiji lenye kamati yake ya maliasili, na lipo la mtu binafsi. Kuni zinahesabiwa kuwa mazao ya misitu kama zilivyo mbao na mkaa, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inamtaka anayevuna kwa biashara awe na kibali. Hapo bado ushuru, bado hati ya kusafirishia. Wale wanaopitisha baiskeli gizani ili kukwepa kizuizi wanabandika kosa la pili juu ya la kwanza. Bibi anayejitwika matawi makavu kwenda kupikia kwake ni habari nyingine. Wewe unauza.

Kama kijiji kimekupa ruhusa ya kuokota miti iliyoanguka yenyewe, nenda mchana na ugonge gogo kwa bapa la shoka kabla ya kuligusa kwa mkono. Gogo lenye uwazi huwa na nyuki, nge au nyoka. Mti wenye mzinga, hata mzinga uonekane mkuukuu na umepasuka, upite kama hujauona. Hapa kwetu asali ni mali, na mzinga mkuukuu una mwenyewe kama mpya. Vaa mikono mirefu kwa ajili ya ndorobo.

Mimi huko naenda kwa nadra. Mji wenyewe unatupa kuni kila siku, na anayezitupa mara nyingi anatafuta mtu wa kumwondolea.

Wanaotupa kuni

Anza kwa maseremala na mashine za kupasulia mbao. Tabora ni mji wa mninga. Vitanda, milango na makabati vinatengenezwa mitaani kila kona, na chini ya kila meza ya randa kuna vipande vifupi visivyofaa tena kwa kazi. Kwenye mashine kuna mabanzi, yale maganda ya pembeni ya gogo. Seremala anachotaka ni nafasi ya kusimama. Mwambie utapita siku fulani ya wiki, na siku hiyo upite kweli, hata kama kuna vipande vitatu tu. Fagia. Chukua na maranda, uwapelekee wafuga kuku kwa ajili ya matandiko ya banda. Akishajua kwamba vipande vyake vinauzika atataka kitu, na ni haki yake. Mpe kidogo kabla hajaomba, hata kama ni mzigo mkavu wa kupikia nyumbani kwake. Ukifagia vumbi la mninga funga kitambaa puani. Linawasha, na wenye pumu linawabana.

Majengo yanayoendelea yana mirunda iliyopinda na mbao za kumwagia zege zilizochoka. Hapo ongea na mwenye nyumba au fundi mkuu. Yule saidia fundi wake atakuuzia haraka sana kitu kisicho chake, na atakayetafutwa ni wewe uliyeonekana na baiskeli.

Halafu kuna miembe. Mji huu umejaa miembe, mingine inasemwa ilikuwapo tangu enzi za misafara ya kwenda Ujiji, na upepo wa mvua za kwanza mwezi Novemba unaivunja matawi kila mwaka. Tawi likilala juu ya bati, mwenye nyumba yuko tayari kulipa liondoke. Mazungumzo yangu huwa hivi:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Naona mwembe umekulalia kwenye bati.”

“Tangu juzi. Kuna kijana alikuja hapa akataka elfu kumi na tano.”

“Mimi sitaki hela, mama. Naomba hizo kuni, na uwanja nitakufagilia.”

“Na majani je?”

“Na majani.”

Hilo la majani ndilo linalomaliza maneno. Wengi wanachukua magogo na kumwachia mama wa watu lundo la majani uani, ndiyo maana mara ya pili hawafunguliwi geti. Mwembe wa barabarani si wako wala si wa nyumba iliyo jirani nao. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, naye atakuelekeza kwa watu wa manispaa. Mti mzima ukiangushwa na ukaruhusiwa kuuchukua, omba wakuandikie hata kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, yenye jina na muhuri wa mtaa. Karatasi hiyo inakuokoa njiani.

Mafundi wa umeme wanapofyeka matawi chini ya nyaya, subiri wamalize kabisa, waombe, ndipo uvute. Usikwee kumalizia tawi walilobakiza.

Wakulima wa tumbaku nao hubaki na magogo kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku, wanapomaliza kukausha, na wanauza kwa bei nzuri. Nayo ni kuni za porini zinazoingia mjini, kwa hiyo bila karatasi mimi siyagusi.

Usichouza kwa mtu anayepika

Nguzo za umeme za zamani, mataruma ya reli ya mbao, na mbao yoyote yenye rangi ya kijani ya dawa au weusi unaonuka lami: achana nazo. Kwanza nyingi zina mwenyewe, na mwenyewe ni shirika. Pili, dawa ya kijani ina aseniki, na ukiichoma, sumu inabaki kwenye moshi na kwenye majivu ambayo mama atasugulia sufuria. Mbao zenye rangi ya mafuta, na zile za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, nazo si za jikoni. Nikizipata narudisha au nazitumia kuinulia lundo.

Mnyaa wa uzio usiukate kabisa bila kujikinga macho. Utomvu wake unaweza kukufumba macho siku kadhaa. Moshi wake pia si wa kupikia.

Kwenye mbao za ujenzi, ng'oa misumari yote. Msumari unaobaki kwenye majivu humwagwa uani, na uani watoto wanatembea peku. Misumari weka kwenye kopo, likijaa nenda nalo kwa wanunua vyuma chakavu.

Miti mingine ni ya kuijua tabia tu. Mtundu na muba vinatoa kaa zuri linalokaa. Ni kuni za maharage na makongoro. Mninga mkavu unawaka kwa utulivu. Mjohoro una moto mkali ila una moshi, uza kwa wanaopikia nje. Mkaratusi upasue ungali mbichi, ukikauka unagoma na shoka linaruka. Mwembe unakauka vizuri ukiupasua mwembamba, lakini kaa lake haliishi muda mrefu. Magogo yake manene nawapelekea wachoma matofali, ambao hawajali sana. Mwarobaini unawaka, ila wapishi wangu wawili watatu hawautaki kwa harufu, na mimi sibishani na mtu anayekula moshi kutwa.

Kupasua na kuanika

Hapa ndipo pesa ilipo, na hapa ndipo wengi hawana subira.

Kata kwanza kwa urefu, ndipo upasue. Urefu wangu ni kama kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, kwa sababu unaingia kwenye mafiga na ukikatwa katikati unaingia kwenye jiko banifu, lile linalotumia kuni kidogo. Mti unatoa maji zaidi kwenye ncha zake zilizokatwa kuliko ubavuni, na ganda linazuia maji yasitoke. Gogo refu lenye ganda lake linaweza kukaa mwaka likawa kavu nje na bichi ndani. Kwa hiyo fupi na lililopasuliwa, unene wa kifundo cha mkono wa mtu mzima. Gogo lililojisokota, kama mwembe mkubwa, usilipige katikati. Anza pembeni, ulimegue kipande kwa kipande ukizunguka. Likikaza, tia kabari ya chuma na upige kwa nyundo nzito. Shoka usilitumie kama nyundo, utapasua tundu la mpini. Noa kwa tupa kabla ya kila kazi, na simama miguu imepanuka, kisiki kikiwa mbele yako, ili shoka likikosea liingie ardhini.

Lundo liwe juu ya mawe au mirunda miwili mitatu. Mchwa wa Tabora hawana utani. Kuni zikilala chini wiki mbili utakuta udongo umepanda. Liwe hatua kadhaa kutoka ukuta wa nyumba, kwa sababu ya mchwa hao hao, ya nyoka, na ya moto. Panga safu moja hivi, inayofuata uikatishe juu yake, upepo upite katikati. Kinachokausha kuni ni upepo kuliko jua. Juu weka bati kuukuu na jiwe. Pembeni acha wazi. Wanaofunika lundo lote kwa turubai mpaka chini wanalipika kwa mvuke wake, linaota ukungu.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba mpaka Aprili. Kiangazi chote cha katikati hewa ni kavu na upepo upo. Basi kalenda ya biashara hii iko wazi: kuanzia Mei mpaka Septemba unaokota, unapasua, unaanika, na unauza kidogo tu kwa ajili ya matumizi. Kuni kavu wakati huo kila mtu anazo na bei iko chini. Desemba mvua zikishika, mwenye kuni kavu chini ya bati ndiye anayetafutwa, na bei anaitaja yeye. Anayeokota Januari na kuuza Januari anauza maji.

Ukavu usiukisie kwa macho. Ncha kupasuka na ganda kuachia ni dalili, na vipande viwili vikigongana vitoe mlio mkali, si wa kudunda. Lakini njia isiyo na ubishi ni mizani. Chagua vipande vitatu kutoka katikati ya lundo, viandike namba kwa mkaa, vipime dukani kwa jirani, uandike uzito kwenye daftari. Virudishe mahali pake. Wiki inayofuata pima tena. Vitaendelea kupungua, siku uzito utakapogoma kushuka kwa wiki mbili mfululizo, lundo hilo liko tayari. Mwenye duka atacheka mara ya kwanza, baadaye atakuwa anakuuliza mwenyewe zimefikia wapi.

Ukiona unga mweupe laini chini ya lundo, kuna dumuzi wa mbao. Kuni hizo uza kwanza, na zisikae karibu na paa lako.

Kipimo na bei

Fungu la kukadiria kwa mikono linaleta maneno. Leo mkono wako mkubwa, kesho mdogo, na mteja anakumbuka ule mkubwa. Mimi napima kwa ndoo ya lita 20: kuni zinasimamishwa ndani yake mpaka zibane, ndoo moja ni bei moja. Zikitoka nazifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi la ndani, na ukanda unarudi.

Kupata bei, kanunue fungu moja kwa kila muuzaji wa mtaani kwako, ulipime, ugawe bei kwa kilo. Utashangaa tofauti. Kisha pima ndoo yako kavu. Kumbuka kuwa kavu ni nyepesi, kwa hiyo ukishindana kwa kilo na mwenye mbichi utaonekana ghali. Shindana kwa chungu cha maharage. Mteja mpya mpe ndoo moja ajaribu, akipikia chungu alichozoea, ahesabu mwenyewe zimebaki ngapi. Katika gharama zako weka tairi, tupa, kidogo cha seremala, na saa zako. Kama saa zako hazilipwi, bora ulale; lindo la usiku nalo linataka mtu aliyelala.

Kitu kilichonilipa kuliko ndoo ni vijiti vya kuwashia. Nyumba nyingi hapa zinapikia mkaa, na mkaa hauwaki kwa kiberiti peke yake. Watu wanahangaika na karatasi, mafuta ya taa, wengine mpaka plastiki, na chakula kinanuka. Vipande vya mninga na mabanzi membamba vipasue kwa panga unene wa kidole gumba, urefu wa shubiri, funga kishada. Usizunguke navyo. Viweke kwa muuza mkaa, pembeni ya makopo yake, naye achukue sehemu yake kwa kila kishada. Kuni za ndoo moja zinatoa vishada vingi, na hakuna anayebishana bei ya kitu kidogo.

Wateja

Mama maandazi anataka mwembamba wenye ndimi za moto. Mama lishe anataka mchanganyiko, mwembamba wa kuanzia na mnene wa kushikilia maharage. Wenye shughuli wanataka minene ya mafiga kwa ajili ya masufuria ya pilau; hao wakubaliane na wewe siku mbili kabla, watangulize nusu, na upeleke jioni ya kuamkia shughuli. Kwenye msiba usidai cha kutangulia. Peleka, na hesabu ingoje mpaka baada ya siku ya tatu ya msiba. Sehemu moja iachie iwe rambirambi yako, na ile nyingine mtu wa familia atakufuata mwenyewe. Ramadhani ratiba inageuka: asubuhi hakuna anayekuhitaji, ila kuanzia saa nane mchana utaitwa kila kona kwa ajili ya futari.

Shule, hospitali na magereza usiziweke kwenye mahesabu. Serikali ilishaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Sina ugomvi na hilo. Mke wangu mwenyewe chai ya asubuhi anachemshia gesi. Ndiyo maana sikopi hela kupanua biashara hii, na wateja wangu nawaambia wapikie nje au kwenye banda lenye upenyo, na anayeweza ajenge jiko banifu. Ananunua kidogo, ila ananunua zilizokatwa fupi, na fupi bei yake ni nyingine.

Kwenye baiskeli, mzigo uwe chini na nyuma ya kiti, kwenye karea iliyoongezewa nondo, umefungwa kwa mpira na si kamba ya katani inayolegea. Breki zote mbili ziwe zinashika. Kwenye mteremko shuka, usukume ukiwa ubavuni.

Deni lipo, huwezi kulikimbia. Mama lishe anapata hela yake mchana, wewe unapeleka asubuhi. Kanuni yangu ni deni moja kwa kichwa: la Jumatatu likilipwa ndipo la Jumanne linaandikwa. Andika mbele yake, kwenye daftari lake na lako.

Machi hivi akiba inakwisha, na ndiyo wakati simu zinapigwa sana. Lundo likiisha, funga. Waambie wateja limeisha, watajie mwenzako mwenye bati na kuni kavu kama yupo, kisha rudi lindoni. Mei unaanza upya, na Desemba watakutafuta.